Tunalala tu hapa Gayaza

Mhariri,

Kila mgeni anayenitembelea huku nyuma ya Gayaza, nje kidogo ya Kampala, husema, "Kumbe pametulia hivi!" Ni kweli. Saa kumi na moja alfajiri unasikia jogoo, kisha bodaboda ya kwanza ikielekea steji. Baada ya hapo ni taksi ya abiria 14 hadi Kalerwe, na Kalerwe foleni inakushika mpaka jua linawaka. Jioni ni hivyo hivyo. Watoto wangu huniona vizuri Jumapili.

Sensa ya 2024 ilikuta wilaya yetu ya Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3, wengi kuliko Kampala yenyewe. Wakati mwingine nadhani nusu yao wako mbele yangu kwenye foleni.

Tuliohamia tulinunua viwanja vya futi 50 kwa 100, tukazungushia ukuta, tukatia geti, basi. Jumamosi iliyopita ilikuwa bulungi bwansi. Kwa asiyeijua, ni kazi ya pamoja ya Buganda: ngoma inalia, kila kaya inatoa mtu na jembe, mnazibua mitaro na kufyeka njia ya kisimani. Mimi nilikuwa kazini, nikampa kijana wa boda shilingi 5,000 aniwakilishe. Jioni nikapita pale mtaroni, najisifu kimoyomoyo. Mzee mmoja, matope hadi kwenye viwiko, akaitikia salamu yangu, kisha akauliza, "Ssebo, wewe unalala nyumba ipi vile?"

Nina miaka minne hapa.

Walijitokeza saba, na sita kati yao wana mvi. Nyumba zenye geti kitongojini kwetu zinapita 30, nimezihesabu. Na maji yanayokata njia yanatoka kwetu: mapaa yetu, nyua zetu tulizozisakafia. Zamani yalikuwa yanazama migombani.

Namwomba mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, ahamishie ngoma Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula. Mikutano ya munno mukabi, chama chetu cha kusaidiana kwenye misiba, nayo vivyo hivyo, maana ya katikati ya wiki sisi hatuifikii, halafu tukifiwa tunategemea wazee wale wale waje kutuchimbia kaburi. Najua kuna watakaolalamika kwamba Jumapili ni siku ya kupumzika. Waende wakawaambie hivyo wale saba.

Mvua za Machi ziko karibu. Jembe nimeshanunua, ingawa bado lina lebo ya dukani.

Mkazi wa Gayaza,
Wakiso