Setilaiti haihesabu mizoga

Mhariri,

Kila malipo ya bima ya mifugo yanapotoka katika kaunti kame, lawama humwangukia chifu. Jirani kalipwa, mimi sikulipwa, na waliokufa wengi ni ng'ombe wangu: basi chifu kala. Wizi upo, hatukatai. Ila mara nyingi watu hawakuelezwa fedha hizo hulipia nini.

Bima ya aina hii, ambayo serikali iliianza Turkana na Wajir mwaka 2015, hailipii mnyama aliyekufa. Hulipia uhaba wa malisho. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi katika msimu wa mvua, Machi hadi Juni, kisha Oktoba hadi Desemba, na kipimo hulinganishwa na rekodi za miaka ya nyuma za eneo lilelile. Msimu ukiwa miongoni mwa ile mibaya zaidi, yaani mmoja kati ya kila mitano, malipo huanza, na huongezeka kadiri hali inavyozidi kuharibika. Katika mpango huo wa 2015, kila kaya iliyosajiliwa ilikatiwa bima ya vizio 5 vya mifugo, kila kizio shilingi 14,000 kwa mwaka. Ng'ombe mmoja ni kizio 1, ngamia 1.4, na mbuzi au kondoo 10 ndio kizio kimoja. Jumla ilikuwa 70,000, lakini iligawanywa kwa misimu miwili. Aliyeingoja yote kwa mkupuo alingoja sana. Tena kiasi hicho kilikuwa cha kununua nyasi, maji na dawa ili mnyama avuke kiangazi. Hakikukusudiwa kununua mwingine.

Hesabu hupinda mahali panapojulikana. Mathenge, miti vamizi yenye miiba, hubaki kijani nyasi zikiwa zimekwisha, na mifugo huyakataa majani yake. Setilaiti huona kijani tu. Mvua ya kwanza baada ya ukame huua mbuzi waliokonda kwa baridi, na siku chache baadaye ardhi inaonekana nzuri kutoka angani. Ugonjwa na wizi wa mifugo haumo kabisa. Kaya iliyohamisha mifugo hulipwa kwa kipimo cha eneo iliposajiliwa, hata kama ng'ombe wamehamishiwa kaunti nyingine. Na mpaka wa bima ukipita kati ya vijiji viwili, kimoja hulipwa, cha pili hakipati kitu.

Fedha za HSNP, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini za maeneo kame, zinazosimamiwa na NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame, ni jambo jingine. Kiwango kilichozoeleka ni shilingi 5,400 kila miezi miwili kwa kaya maskini zilizosajiliwa, uwe na mifugo au usiwe nayo.

Yanayokwamisha pesa njiani ni madogo: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtoto, tarakimu moja ya kitambulisho imekosewa, mwenye kaya amefariki na jina lake halijabadilishwa. Haya yarekebishwe Januari na Februari, au Agosti na Septemba, kabla mvua haijaanza. Pesa zikishatumwa, kurekebisha ni kazi nyingine.

Tunaomba serikali ya kaunti ibandike ramani ya maeneo ya bima, kipimo cha kila eneo na orodha ya kaya zilizosajiliwa, kwenye ofisi ya chifu na kwenye soko la mifugo siku ya mnada, wiki mbili kabla ya malipo. Redio za lugha za wenyeji zisome vipimo hivyo. Na kampuni za bima ziyatenge maeneo yaliyovamiwa na mathenge wakati wa kupima.

Wadau wa mifugo,
Garissa