Wazazi tumeshajiandaa, basi je?

Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuwaandikia, na ningeendelea hivyo kama si ile habari ya mabasi mapya ya Kusini kwenda Dar. Mlisifia chaja ya simu kwenye kila siti, kisha mkamalizia kwa kuwaasa wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo wajiandae mapema.

Wajiandae vipi tena? Anayempeleka mtoto kliniki hospitali ya Muhimbili, Dar, hutoka Lindi na dawa za kifafa za safari nzima na za siku tatu za ziada, maana tuliona 2024 jinsi barabara hii ya Dar inavyokatwa na mafuriko Somanga. Dawa hizo hukaa kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa buti lina joto na utingo halifungui njiani. Dozi ya alfajiri hairukwi, hata basi likiondoka saa kumi na moja: dozi iliyorukwa ikikutana na usingizi pungufu, degedege haliko mbali. Siti hukatwa mapema, katikati ya basi, kwani juu ya tairi za nyuma kila tuta humrusha mtoto asiyekaza shingo. Khanga mbili huviringishwa na kuwekwa kila upande wa nyonga, taulo chini ya mapaja karibu na magoti ili asiteleze. Mkanda hulala kwenye nyonga, si tumboni, na mzazi hajifungi pamoja na mtoto, maana kwenye breki ya ghafla mtoto atabanwa na uzito wote wa mzazi. Uji huwa mzito kidogo, kijiko kimoja kimoja, mtoto akiwa wima na basi limesimama. Likitikisika, uji huingia njia ya hewa.

Limesimama! Hapo ndipo penye kichekesho. Konda hupiga kelele tukifika Nangurukuru, kituo cha njiani: "Dakika kumi, chimba dawa twende!" Hebu tuhesabu. Kumteremsha mtoto wa kilo 20 kwenye ngazi zile nyembamba ni dakika tatu, kumpandisha tatu nyingine. Zinabaki nne za foleni ya choo, nepi na chakula, wakati kumlisha peke yake kunataka robo saa. Chooni hakuna pa kumlaza isipokuwa sakafu yenye maji, basi nepi hubadilishwa juu ya siti mbele ya abiria wote. Ndiyo maana wazazi wengi humnyima mtoto maji tangu asubuhi. Anafika Mbagala midomo imekauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, choo kimekuwa kigumu, na daktari anaanza kutibu safari kabla ya kutibu kilichompeleka.

Na kiti mwendo nacho hutozwa nauli ya mzigo. Msimu wa korosho, kiti hutangulia kuingia butini, gunia zikapangwa juu yake. Mwezi uliopita kimoja kilipakiwa hivyo hapa stendi, kikafika Dar gurudumu dogo la mbele limepinda, na mtoto akabebwa mgongoni wiki nzima. Kupakia si elimu ya chuo kikuu: chomoa vikanyagio na mto, panda navyo ndani, kunja kiti, kiingie mwisho kikiwa kimesimama, kifungwe kamba ubavuni.

Nikiwa hapo hapo, hizo filamu za ngumi zinazofunguliwa sauti ya juu kuanzia Mingoyo hadi Kibiti zinamburudisha nani? Mtoto mwenye usonji huziba masikio na kulia, kisha abiria humgeukia mama eti hajui kulea. Mwingine akiona degedege hukimbilia kijiko cha kutia mdomoni. Mlazeni ubavu, legezeni nguo, tazameni saa. Zikipita dakika tano, dereva aingie hospitali iliyo karibu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na leseni za mabasi hutolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa hiyo sioni kazi iliyobaki isipokuwa useremala. Kituo kimoja cha dakika 30, Nangurukuru. Nyuma ya vyoo, meza ya mbao ya urefu wa mita moja na nusu, upana sentimita 70, kimo cha kiunoni, sponji iliyovikwa reksini, pazia na ndoo ya maji yenye koki. Fedha zikikosekana, ziuzwe spika za basi moja tu.

Mzazi,
Lindi