Ua la gugumaji nalo lichorwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninaloliona kila muhula darasani: nikiwaambia wanafunzi wangu wachore ua, karibu wote huchora waridi jekundu, tena si walilolishika mkononi bali lile la kwenye kalenda. Sina ugomvi na waridi, ambalo hulimwa kwa wingi Naivasha na kusafirishwa hadi Ulaya. Ninachosikitikia ni kwamba hapa Kisumu, gugumaji, ule mmea unaoelea juu ya maji, linapochanua pale Dunga kwenye Ziwa Victoria, ufuo mzima hufanana na kitenge cha zambarau kilichoanikwa, na hakuna anayelitazama kwa jicho la mchoraji. Mvuvi ana haki ya kulilaani, maana linamzibia njia ya mashua na kumnasia nyavu. Lakini ukichuma ua lake moja na kulisogeza karibu, utaona petali sita, na ile ya juu ina doa la manjano lililozungukwa na buluu, mithili ya unyoya wa tausi.

Kuchora ua la majini lililo karibu nawe si jambo geni: Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1926, alichora mayungiyungi ya kidimbwi cha nyumbani kwake Giverny katika picha zipatazo 250, akiyarudia maji yaleyale kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nawaomba waandalizi wa mashindano ya uchoraji ya shule zetu waache kutugawia picha za kunakili, na badala yake wawapeleke watoto ufuoni na penseli zao, hata kwa asubuhi moja tu.

Mwalimu wa sanaa,
Kisumu