Mhariri, pigano la Riyadh lilianza Alhamisi, si kesho

Ndugu Mhariri,

Salamu kwanza. Naandika hii barua Ijumaa jioni, Desemba 20, 2024, nikiwa kwa matatu hapa Jogoo Road, jam haisongi, kwa hivyo nukta na mikato zikipotea mtanisamehe, na tafadhali mkiweza ichapisheni ya kesho kwa sababu ikitoka Jumatatu itakuwa imechacha.

Nimechokozwa na ile barua ya wiki jana ya msomaji wa Nakuru, yule aliyesema mabondia wa siku hizi ni mdomo mtupu, ati zamani watu walikuwa wanapanda ulingoni wanapigana wanashuka, na ati nyinyi magazeti muache kutuletea vituko vya kutazamana macho na kusukumana mngoje kengele ilie ndio muandike. Nimemsoma mara mbili. Anaandika vizuri lakini amekosea, na vile anatoka Nakuru ndio nashangaa zaidi, huo ni mji wa Philip Waruinge, bondia wetu wa zamani, mji wa ndondi, mtu wa huko anafaa kujua kwamba kengele ikilia mara nyingi kazi nusu imeshaisha.

Mnajua tukio la jana Riyadh, kule Saudia. Tyson Fury wa Uingereza na Oleksandr Usyk wa Ukraine, mabondia wa uzani mzito wanaorudiana kesho, walisimamishwa waangaliane kwa ajili ya mapicha, kitu cha dakika moja hivi, wakaangaliana zaidi ya dakika kumi na moja. Kumi na moja! Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuza shingo. Mimi niliangalia kwa simu mpaka bando ikaniambia kwaheri nikanunua nyingine, mama watoto akaniuliza kwani hawa wanafanya nini, nikamwambia wanapigana, akacheka sana. Lakini sikuwa natania.

Kumbuka Mei, pigano lao la kwanza. Kwa mkutano wa mwisho na wanahabari Fury alikataa kabisa kumtazama Usyk, alisimama tu akiangalia mbele kama mtu anangoja basi. Siku ya kupima uzani sasa akageuka simba, akamfokea na kumsukuma. Na siku chache kabla ya hapo babake Fury, mzee mzima, alikuwa amempiga kichwa jamaa mmoja wa kikosi cha Usyk, damu ikatoka kwa paji la uso lake yeye mwenyewe aliyepiga. Hiyo picha ya mzee akitiririka damu aliyojitakia ilinitosha, nikaambia wenzangu hapa base hawa watu wameshaingiwa. Usyk muda huo wote katulia kama mtu yuko kwa foleni ya benki. Raundi ya tisa Fury alikuwa anayumba kwa kamba refa akamhesabia, na mwishowe majaji wawili kati ya watatu wakampa Usyk, akawa na mikanda yote minne, kitu ambacho hakuna wa uzani mzito aliyekuwa amefanya tangu Lennox Lewis awe bingwa asiyepingwa mwaka 1999, na wakati wa Lewis yenyewe mikanda iliyohesabiwa ilikuwa mitatu.

Sasa safari hii Fury amebadilisha dawa. Maneno machache, hakuna nyimbo, hakuna mashairi, amefuga ndevu kama nabii mpaka watu wa Usyk wameanza kulalamika ati hizo ndevu zitapunguza makali ya ngumi kidevuni. Na badala ya kukwepa macho amesimama dakika kumi na moja. Huyo ni mtu ameketi chini tangu Mei akajiuliza nilipotea wapi, akajijibu nilipotea kabla ya kupanda ulingoni. Leo wamepima uzani, Fury kama kilo 127, Usyk kama 102, hapo katikati ni nusu mfuko wa simiti, na bado ni yule mkubwa ndiye anahangaika kubadilisha mbinu. Hebu ndugu wa Nakuru aniambie kama hiyo si ndondi ni nini.

Na hii ya zamani watu walikuwa wanapigana kimyakimya, zamani gani hiyo? Februari 1964 kule Miami, Cassius Clay wa miaka 22, kabla hajaitwa Muhammad Ali, alikuja kupima uzani na bingwa Sonny Liston akipiga kelele kama mwendawazimu, daktari akampima mpigo wa moyo akapata 120 wakati kawaida yake ni kama 54, wakampiga faini ya dola 2,500 hapohapo. Watu wakasema huyu kijana ameshikwa na woga, pigano lisimamishwe. Liston alikuwa mtu wa kuogopwa na kila mtu, ameshafungwa jela, ngumi kama nyundo, lakini hakuna jela inayokufundisha kupigana na kichaa. Usiku wa siku ileile raundi ya saba ikaitwa Liston akabaki amekalia kiti chake. Na Ali baadaye alikiri kwamba aliogopa kweli. Hapo ndipo napendea hii stori, kwa sababu watu hudhani majigambo ni ya kumtisha mwenzako tu, kumbe nusu yake ni ya kujitisha wewe mwenyewe usikimbie.

Halafu 1974 Kinshasa, nchi ikiitwa Zaire wakati huo, Ali na bingwa George Foreman. Mzee wangu alikuwa anatusimulia kila mwaka, vile walikaa Kaloleni wakizunguka redio alfajiri wakingoja habari, maana pigano lilipigwa saa kumi usiku za kule ndio Wamarekani walione jioni. George Foreman alishuka kwa ndege na mbwa, yule mbwa mkubwa wa Kijerumani, bila kujua kwamba watu wa Zaire waliwakumbuka mbwa wa aina hiyo kutoka siku za polisi wa Wabelgiji. Mtu wa watu hakosi mji, lakini Foreman alikosa kwa siku moja. Halafu akapasuliwa juu ya jicho mazoezini, pigano likasongezwa kutoka Septemba 25 mpaka Oktoba 30, na zile wiki tano Foreman alizikaa akiwa na hasira na joto huku Ali anatembea mitaani anafundisha watoto kuimba bomaye, yaani muue. Raundi ya nane bingwa yuko chini. Mzee akifika hapo alikuwa anasimama anatuonyesha vile Foreman alizunguka akianguka, hata miaka yake ya mwisho magoti yakiwa mabaya alikuwa anasimama tu. (Na hata huyu Fury, tarehe ya kwanza ya pigano lake na Usyk ilikuwa ya Februari, ikasongezwa mpaka Mei kwa sababu ya kupasuliwa vilevile mazoezini. Mimi si mtu wa ushirikina ila nilinotisi.)

Niseme ukweli kuna mahali ndugu wa Nakuru yuko na pointi. Yale Ali alimfanyia bondia mwenzake Joe Frazier hayakuwa mchezo. Frazier alikuwa amemsaidia wakati Ali amepokonywa leseni, hata pesa alimpatia, halafu Ali akageuka akamwita kibaraka wa wazungu, na kabla ya pigano lao la Manila 1975 akazunguka na sanamu ya sokwe mfukoni akimtania nayo. Watu walicheka. Watoto wa Frazier walikuwa wanaenda shule wakati huo. Frazier alibeba huo uchungu miaka na miaka, na mimi nikiangalia zile kanda siku hizi hapo huwa napeleka mbele. Kuna kumtisha mtu na kuna kumvua nguo mbele ya watoto wake, na kila bondia anajua mpaka uko wapi hata akijifanya hajui.

Lakini mkitaka kujua kwa nini naamini kelele zinafanya kazi, na kimya kinafanya kazi zaidi, basi niwaambie yangu.

Mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa napiga ndondi za ridhaa, si sana, mapigano kumi na kitu. Siku moja tukapangwa kwa ukumbi mmoja hapa Eastlands, mpinzani wangu katoka wapi? Nakuru. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja kwa wote, nyinyi mliopitia mnajua, unafungwa bendeji huku unamwona mwenye kukuua amekaa hapo. Mimi nilikuwa nimejipanga. Nimeruka kamba, nimepiga ukuta, vijana wa mtaa wako dirishani wanaimba jina langu, najipiga kifua kama ngoma. Naangalia kwa benchi, jamaa amelala. Kulala kulala, mdomo wazi, amejifunika koti. Nikapiga ukuta kwa nguvu kidogo. Hakutikisika. Nikapiga tena nikapiga na ukelele, kocha wangu akaniambia wee wacha utavunja mkono. Baadaye mtu akamwamsha, akakaa, akapangusa macho, akaniangalia vizuri sana akaniuliza, "Bro, uko na maji kidogo? Nimetoka safari mbali." Nikampa. Mhariri, nikampa chupa yangu yote.

Tulipopanda ulingoni sikuwa naona ngumi zake, nilikuwa naona usingizi wake. Nilikuwa najiuliza ni mtu wa aina gani huyu analala mimi nikiwa hapo. Raundi ya pili nikajikuta nahesabu taa za dari. Miaka mingi baadaye nikakutana naye Machakos Country Bus anapakia mizigo, tukakumbatiana, nikamuuliza hebu niambie ukweli ndugu yangu, ile siku ulikuwa umelala ama ulikuwa unanichezea? Akacheka. Hakunijibu mpaka leo. Kwa hivyo pigano letu halijaisha.

Ndio maana nikimwona Usyk naogopa kwa niaba ya Fury. Mwaka 1990 Tokyo, Mike Tyson alikuwa na ule mtazamo wake uliokuwa umemaliza watu kabla ya kengele, Michael Spinks 1988 alienda kwa sekunde 91 na sura yake tangu akitembea kuja ulingoni ilikuwa ya mtu anaenda kusomewa hukumu. Lakini Tokyo akakutana na Buster Douglas aliyekuwa amefiwa na mamake wiki tatu kabla. Utamtisha na nini mtu huyo? Raundi ya kumi Tyson alikuwa anatafuta kinga ya meno kwa sakafu. Na Usyk vita vilipoingia kwao 2022 alishika bunduki na askari wa kujitolea Kyiv, halafu akaenda Jeddah mwezi wa Agosti akampiga Anthony Joshua mara ya pili. Mtu kama huyo umtazame dakika kumi na moja au saa kumi na moja, unamtazama tu.

Sasa turudi nyumbani maana hapa ndipo kuna uchungu wangu. Tuna dhahabu moja ya Olimpiki kwa ndondi, Robert Wangila, Seoul 1988. Tumekuwa na Fatuma Zarika bingwa wa dunia. Na bado promota akiandaa pigano Nairobi hapa unasikia habari zake siku limeshaisha. Alafu Januari 2023 akaja Karim Mandonga kutoka Tanzania, jamaa ambaye alikuwa ameshapigwa kwao mara kadhaa, akashuka na mikwara yake, ati ameleta ngumi inaitwa Sugunyo imetengenezwa Ukraine, na mji mzima ukasimama. Konda kwa gari anaongea Sugunyo, mama wa chapati anaongea Sugunyo, watu ambao hawajui bondia hata mmoja wa Kenya wakaanza kuuliza tiketi za KICC ni pesa ngapi. Akampiga Daniel Wanyonyi wetu kabla raundi hazijaisha. Julai wakarudiana na Wanyonyi akalipiza, safi kabisa, lakini hebu uliza mtu yeyote hapa stejini kati ya hao wawili anamkumbuka nani.

Wanyonyi hana makosa. Makosa ni kwamba hakuna aliyemwekea kipaza sauti. Mtanzania anatamba kwa Kiswahili, lugha hii hii yetu ambayo majigambo yake yako tangu enzi za mashujaa na mashairi ya Pwani, na sisi bondia wetu akiulizwa kuhusu pigano anasema tu nimejiandaa vizuri namshukuru Mungu na kocha wangu. Basi! Ombi langu kwenu ni dogo tu, mabondia wa hapa wakipima uzani tumeni mtu, hata kama ni wawili tu na mizani ya kukopa, mwandike waliambiana nini, nani alikataa mkono, nani alikuwa amelala.

Kesho Riyadh na Nairobi saa ni moja kwa hivyo wanaingia ulingoni mwendo wa saa saba usiku, kuamkia Jumapili. Mikanda ni mitatu, ya mashirika ya ndondi ya WBC, WBA na WBO, ule wa IBF Usyk aliuachilia Juni. Jirani yangu ni wa Fury, ameniwekea kreti ya soda, na tangu jana kila tukikutana ngazini ananiangalia tu bila kusema kitu. Leo asubuhi nimejaribu kumwangalia pia. Nimefika hesabu ya arobaini hivi nikakumbuka ugali uko motoni.

Wako,
Msomaji wa Kaloleni, Nairobi