Usiuze Kinanda, Baba Neema

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kwako, kwa Mama Neema na watoto. Sisi huku wazima, ila mvua haitupumzishi na goti la Bibi limeanza tena, si unajua masika. Naandika haraka maana Shangazi anarudi Moro kwa treni ya alfajiri na ndiye atakayekuletea barua hii.

Shangazi kaniambia unatafuta mnunuzi wa kinanda. Nikadhani anatania. Akaapa: umeshakifuta vumbi, umekifunga kwenye shuka, na kuna mzee wa kanisa ameshakuja kukikagua. Baba Neema, kweli? Kinanda kile kile?

Sababu naijua. Wimbo umeupanga wewe, kuanzia besi mpaka tarumbeta, studio ikautoa bila jina lako popote, na mwimbaji akasimama redioni akajitapa kuwa ni kazi yake. Niliposikia nilizima redio. Ile ni dhuluma, na sitakwambia uisahau. Lakini lililoninyima usingizi ni maneno uliyomwambia Shangazi, kwamba mpiga kinanda ni mtu wa nyuma tu, na kwamba hii salsa tunayoihangaikia, muziki wa dansi wenye asili ya Kuba, si ya kwetu, tuwaachie wenyewe. Hapo nakataa, ndugu yangu, tena nakataa kwa nguvu zote.

Unamkumbuka Larry Harlow? Yule wa kanda za Mjomba, ambaye piano yake ulikuwa ukiirudisha nyuma kwa kalamu redio ilipokuwa imekufa. Sote tulidhani ni Mkuba. Wala! Jina alilopewa na wazazi wake ni Lawrence Ira Kahn, Myahudi, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1939. Baba yake alikuwa kiongozi wa bendi, mama yake mwimbaji wa opera, kwa hiyo muziki ulijaa nyumbani, ila si huu. Huu aliukuta barabarani. Alikuwa akisoma sekondari ya muziki na sanaa kule Harlem, na njiani maduka yalikuwa yakifungulia santuri za muziki wa Amerika ya Kilatini mpaka nje. Ukamnasa. Akajaribu kuupiga, akaona kuna kitu kinamponyoka. Basi akafunga safari mpaka Kuba, miaka hiyo ya 1950, akakaa kwa wenyewe na kujifunza, mpaka mapinduzi yalipomrudisha kwao. Baadaye akaingia hata kwenye dini yao ya Santería. Hakuja kuchukua na kuondoka, alikaa akawa wa humo. Wenyewe wakamwita El Judío Maravilloso, Myahudi wa Ajabu, kwa kufuata jina la Arsenio Rodríguez, yule kipofu mpiga tres, gitaa dogo la Kikuba, aliyeingiza piano na tumba katika bendi za son, muziki wa dansi wa Kuba uliozaa salsa. Arsenio alipofariki mwishoni mwa 1970, Harlow ndiye aliyemtengenezea albamu nzima ya kumuenzi.

Sasa niambie, kama yeye hakukataliwa kwa kuwa si wa kwao, sisi tunaambiwaje si ya kwetu? Na wewe unakaa Morogoro, Baba Neema! Mji wa mwimbaji Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba! Wazee wetu hawakuomba ruhusa. Zile santuri za GV zilizoletwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 zilikuwa na son ya Kuba, na wazee wa Kongo na wa huku walizisikiliza wakatambua damu yao. Sehemu ile wanayoiita montuno, wimbo unapofunguka, kiitikio kinajirudia na mwimbaji anachombeza juu yake, si ndiyo chemko letu? Septemba 1974, pambano la ngumi la Ali na Foreman likiwa limeahirishwa lakini muziki haukuahirishwa, Fania All Stars, bendi ya nyota wa kampuni ya santuri ya Fania ya New York, walipanda jukwaani Kinshasa. Aliyekaa kwenye piano ni Harlow huyo huyo. Watu wa pale hawakuhitaji kufundishwa namna ya kucheza.

Na hilo la mtu wa nyuma. Fania ilianzishwa 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci, na Orchestra Harlow ilikuwa miongoni mwa bendi zake za mwanzo. Lakini nusu ya kazi ya Harlow hukuiona jukwaani. Alikaa studio akiwa prodyuza wa santuri za wenzake, moja baada ya nyingine. Mwimbaji Ismael Miranda alipewa kipaza sauti na Harlow akiwa bado kijana mdogo. Halafu lile jambo la Celia Cruz, mwimbaji wa Kuba, ambalo kila nikilifikiria nakukumbuka wewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa New York walikuwa hawamfuatilii sana Celia, walimwona ni wa zama za wazazi wao. Mwaka 1973 Harlow akatunga opera ya Kilatini, Hommy, akamwita aje aimbe sehemu moja, Gracia Divina. Wimbo mmoja! Mwaka uliofuata Celia akatoa albamu na Pacheco, na toka hapo hakuna aliyemgusa. Mlango huo aliufungua nani? Mpiga piano.

Na kuhusu kutotajwa: wakati ule tuzo za Grammy, zile kubwa za muziki za Marekani, hazikuwa na kundi la muziki wa Kilatini kabisa. Muziki unauza, kumbi zinajaa, lakini kwenye orodha hawapo. Harlow alikuwa mmoja wa waliopiga kelele mpaka kundi likaanzishwa. Ilipotolewa kwa mara ya kwanza, 1976, hakuipata yeye, aliipata Eddie Palmieri, mpiga piano mwenzake. Yeye mwenyewe alikuja kuheshimiwa na Latin Grammy mwaka 2008, akiwa na miaka 69. Katikati ya hapo hakufunga piano kwenye shuka. Alipanga, alipiga, alifundisha vijana. Hata kundi la rock la The Mars Volta lilimwita kwenye albamu yao ya 2005. Alifariki Agosti 2021, akiwa na miaka 82.

Basi nikuombe jambo, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Onyesho la Idd liko palepale. Tarumbeta mbili tunazo, na Baba Shani amepata vijana wawili wa tromboni kutoka bendi ya kanisa, wanasoma nota vizuri kuliko sisi sote. Yaani ni ile ile safu ya Harlow: tarumbeta mbili juu, tromboni mbili chini. Bendi nyingi za New York zilitegemea tarumbeta, Palmieri na bendi yake ya La Perfecta akaja na tromboni, Harlow akavichanganya vyote. Ndiyo maana sauti yake inang'aa huku ina kifua.

Nataka utupangie nyimbo mbili za zamani za kwetu kwa mtindo huo. Mimi nimejaribu kusikiliza anavyofanya. Kwenye chemko haanzi na wote. Tromboni zinaingia kwanza na kifungu kifupi, kinajirudia mpaka watu wakishike, ndipo tarumbeta zinakuja juu na kifungu kingine kinachojaza mapengo ya kile cha kwanza. Na piano chini haijabadilika, mikono miwili inacheza sauti zile zile kwa oktavu, inawahi kabla ya pigo badala ya kulikalia. Nimeicheza kwa mkono wa kulia tu. Ya kushoto ni yako.

Klave, ule mdundo wa msingi unaoshikilia wimbo mzima, inatusumbua. Mapigo matano, matatu upande mmoja, mawili upande mwingine, na mpiga tumba wetu anaishika barabara kwa kugonga chupa ya soda. Tatizo ni mwimbaji, akichelewa kuingia anageuza pande zote. Uje umwambie wewe, mimi ameshanizoea. Na yule wa solo bado anataka kujaza kila nafasi! Nilimwambia aache mapengo, akanuna wiki nzima. Haya, hayo tutayaongea.

Nikirudi kwenye kinanda: kama ni ada ya Neema, sema wazi. Nimeshaongea na Baba Shani na Mjomba, tutachanga, na si mkopo. Halafu tumekubaliana kikao kizima kwamba lolote tutakalorekodi, jina la aliyepanga litaandikwa kabla ya la mwimbaji. Limeingia kwenye daftari la bendi na kila mtu ametia saini, hata yeye mwimbaji.

Sasa nijibu. Umeshapokea hela ya yule mzee wa kanisa, au ni maneno tu? Kama ameacha kishika mkono, ni kiasi gani nikutumie umrudishie? Ile sauti ya pili kutoka chini iliyokuwa haitoi, fundi aliitengeneza? Mama Neema anasemaje kuhusu hili, maana Shangazi amenitajia la kwako tu? Unaweza kuja hata Ijumaa kwa Jumapili kabla ya Idd, ulale hapa kwetu? Na kati ya zile nyimbo za Mjomba, ungeanza na upi? Mpe Shangazi jibu la kinanda Jumatano, atanipigia.

Ni mimi nduguyo,
Baba Mwajuma