Risala ya Wakenya wa Leicester kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Wakili, Mgeni wetu wa Heshima. Viongozi wa dini, wazee wetu, ndugu na marafiki,

Karibu Leicester. Umetoka Nairobi, ambako ulisimama kortini kuwatetea vijana waliokamatwa Juni 2024, na wengi wetu hapa tulikufahamu kwa kazi hiyo kabla ya kukuona uso kwa uso leo.

Jumuiya yetu ina wauguzi, madereva, wanafunzi, na wazee wenye asili ya Kihindi walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 ambao Kiswahili chao hakijachakaa. Siasa zetu hazifanani, na mikutano yetu huwa na kelele. Lakini Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 hatujawahi kukibishania: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha.

Vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya, tulikesha na simu mkononi. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia saini. Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Julai hiyo tulipanda basi alfajiri hadi London, tukasimama mbele ya Ubalozi wetu, Portland Place. Muuguzi mmoja alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare ya kazi ikichungulia chini ya koti. Yeye ndiye aliyesoma majina ya marehemu. Alipofika kwa kijana wa rika la mwanawe, sauti ikakatika. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake akaipokea karatasi na kuendelea kutoka jina hilohilo, polepole, kila jina kamili. Hakuna aliyepiga kelele. Mheshimiwa, siku ile tulijua kwamba umbali haujatuondolea uraia.

Jambo moja limetukaa rohoni tangu hapo. Hapa Uingereza, sheria ya mwaka 1986 humtaka anayepanga maandamano ya kutembea awape polisi taarifa ya maandishi siku 6 kabla. Kenya nayo, Sheria ya Utulivu wa Umma hudai taarifa ya angalau siku 3. Kote kuwili ni taarifa, si maombi ya kibali. Mbona basi nyumbani bado tunasikia maandamano yakiitwa haramu kwa sababu "hayakuruhusiwa"? Tunakuomba wewe na mawakili wenzako mlisemee hili hadi kila kituo cha polisi kilielewe. Nasi tunaendelea kuchanga kwa ajili ya gharama za kesi na za matibabu ya waliojeruhiwa.

Kuna pia kura. Mwaka 2022 Wakenya walio ng'ambo waliweza kupiga kura katika nchi 12, lakini waliosajiliwa walikuwa 10,443 tu, na kura yenyewe ilikuwa ya urais pekee. Pesa tunazotuma nyumbani mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Pesa hizo hupokelewa kila siku, popote tulipo. Kura zetu zinatusubiri London. Mama mwenye watoto wadogo na zamu mbili kwa siku hawezi kusafiri kwenda kujiandikisha, kisha asafiri tena kwenda kupiga kura. Wengi wetu tuliikosa hivyo, na inauma.

Kifungu cha 82 kinataka Wakenya wanaoishi nje wasajiliwe hatua kwa hatua. Ombi letu kubwa kwako ni utusaidie kuandaa ombi rasmi kwa Bunge, ili vituo vya usajili na vya kura vifike katika miji kama huu wetu kabla ya Agosti 2027. Sahihi tumeshaanza kukusanya. Daftari liko pale mezani, na tungefurahi ulifungue kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, Wakenya wa Leicester.