Ngoma za Japani zinavyowambwa: barua kwa Shomari

Matsumoto, Japani
9 Novemba

Ndugu yangu Shomari,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima na nyumbani wote hawajambo. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma.

Uliniuliza ngoma za huku zinawambwaje. Umeuliza kama fundi, maana huku pia ukijua ngoma imewambwaje, umeshajua italia vipi na itapigwa wapi.

Ile nene uliyoiona pichani ni nagado-daiko. Mzinga wake ni gogo moja la mti uitwao keyaki, huchimbwa ndani kisha likaachwa likauke kwa miaka. Ngozi ni ya ng'ombe. Huvutwa kwa kamba mpaka ikaze, halafu mafundi hupanda juu yake na kuikanyaga, wakishuka hugonga na kusikiliza, kisha hupanda tena. Sauti ikifika pale wanapoitaka ndipo hupigilia misumari yenye vichwa vinene kuzunguka ukingo. Baada ya hapo haikazwi wala hailegezwi. Sikio la fundi wa siku ile ndilo mtakaloishi nalo mpaka ngozi ibadilishwe.

Na siwezi kukusimulia habari za mafundi nikalificha hili. Kwa karne nyingi watu waliofanya kazi ya ngozi Japani walihesabiwa najisi, wakatengwa katika vitongoji vyao, ilhali ngoma za mahekalu zilitoka mikononi mwao. Huko Naniwa, mjini Osaka, vijana wa mtaa wa namna hiyo waliunda kikundi mwaka 1987, wakakiita Ikari, yaani hasira. Ngoma ambazo wazee wao walizitengeneza ili wengine wapige, sasa wanazipiga wao. Hilo limenigusa kuliko onyesho lolote nililoliona.

Shime-daiko ni ndogo, ya kamba, hukazwa kwa nguvu kabla ya kupigwa, na sauti yake kali ndiyo inayoshika mwendo. Okedo ni ya mbao zilizounganishwa kama pipa. Ni nyepesi, mtu huivaa begani akacheza nayo. Kuzipanga zote hizi pamoja jukwaani si jambo la kale kama wengi wanavyodhani. Lilianza mwaka 1951 pale Suwa, si mbali na hapa nilipo, kwa Daihachi Oguchi, mpiga dramu wa jazi. Kikundi cha Kodo cha kisiwa cha Sado, kilichoupeleka upigaji huu duniani kote, kilijitambulisha Berlin mwaka 1981.

Ungefurahi kuona wanavyofundishwa. Mwalimu hakupi karatasi, anakuimbia mapigo: "don" ni katikati ya ngozi, "ka" ni ukingoni, "doko" ni mawili ya haraka. Ukishindwa kulitamka pigo, hakuruhusu kushika mikwiro. Naona ana haki.

Lakini kilichonifanya nikuandikie usiku huu ni tsuzumi, ngoma za no, mchezo wa jukwaani wa kale wa Kijapani. Ni mbili, zimebana kiunoni, ngozi zake ni za farasi, na hupigwa kwa mkono. Wapigaji wake hukaa bega kwa bega. O-tsuzumi, ile kubwa, ngozi zake hukaushwa juu ya makaa kwa muda mrefu kabla ya onyesho, ndipo itoe mlio mkavu unaopasua. Moto huo unazila ngozi, hazidumu. Ko-tsuzumi, ile ndogo ya begani, inataka unyevu: mpigaji huihemea, au hulowesha kikaratasi kwa mate akakibandika nyuma, na huku anapiga mkono wake wa kushoto unakaza na kulegeza kamba ili sauti ipande au ishuke. Hii hudumu sana, na ngozi kuukuu ndizo zinazothaminiwa. Moja inayakimbia maji, nyingine inayaomba, na wimbo ni mmoja!

Nyinyi huko mnaziotesha ngoma moto kila zinapolegea, na sijawahi kumsikia mpigaji wetu akiilowesha yake makusudi. Au ipo, nami sijui? Waulize wazee, hasa wale wa msondo, uniandikie walivyokujibu. Niambie pia ile uliyokuwa unaichonga umeiwamba ngozi gani.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Athumani